Ngiri, kidole tumbo na bawasiri: ya mtaani na ya kweli

Ukipita Sabasaba hapa Dodoma jioni lazima ukutane na spika ya muuza dawa, ngiri, bawasiri, mgongo, nguvu za kiume, chupa moja inamaliza zote. Na watu wananunua kweli. Siwashangai maana kisu kinaogopwa, ila mengi tunayoambiana kuhusu haya magonjwa ya kupasuliwa hayako hivyo kabisa.

Tuanze na ngiri, ambayo hospitali wanaiita henia. Mtaani tumbo likiunguruma ngiri, kiuno kikiuma ngiri, mambo ya chumbani yakigoma nayo ngiri. Henia yenyewe ni sehemu ya ukuta wa tumbo iliyolegea au yenye tundu, sasa utumbo au mafuta ya ndani yanapenya hapo unaona kivimbe kinenani, kitovuni au kwenye kovu la operesheni ya zamani, ukikohoa kinatokeza ukilala kinarudi. Mzizi wa kunywa utashonaje tundu jamani? Dawa ya kunywa inayoziba henia hamna, kinachoziba ni upasuaji, dokta anarudisha kilichotoka anashona na kwa mtu mzima mara nyingi anaweka wavu maalum wa kukazia. Alafu wanasema ni ugonjwa wa wanaume wabeba zege, wakati wanawake wanapata na watoto wanazaliwa nayo. Kitovu cha mtoto kilichotokeza mara nyingi kinajifunga chenyewe kabla hajafika miaka 4 au 5, hizo sarafu mnazomfunga hazisaidii kitu. Busha nalo ni habari nyingine, yale ni maji yamejaa kuzunguka korodani.

Kivimbe kikigoma kurudi, kikawa kigumu, kinauma na mtu anatapika, hapo usikande na maji ya moto wala usikisukume kwa nguvu. Utumbo umebanwa, damu haifiki, unaweza kuoza ndani ya masaa tu. Uwe Bahi uwe Kongwa, tafuta usafiri usiku huohuo.

Kidole tumbo sasa, yaani kile kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, ambacho hospitali wanakiita apendiksi. Sisi huku tunalima zabibu na bado tunakatazana kumeza mbegu zake, mapera ndo usiseme, na mchanga wa kwenye mlenda nao unasingiziwa. Ukweli ni kwamba kile kidole kinavimba pale njia yake inapoziba, mara nyingi kwa kipande cha choo kigumu au tezi za kwenye ukuta wake zikivimba, mbegu kukutwa mle ni nadra sana. Kawaida maumivu yanaanzia usawa wa kitovu, baada ya masaa kadhaa yanahamia chini kulia, hamu ya kula inakata, kichefuchefu na homa juu. Hapo ndo bibi anasema ni chango mpeni dawa ya kuharisha, na hiyo ni hatari maana inaweza kuharakisha kupasuka. Kuna kitu kinadanganya wengi: kikishapasuka maumivu yanaweza kupoa kwa muda, nyumbani wanafurahi dawa imekubali, kumbe usaha ndo unasambaa tumboni. Na wale wanaosema binti akitolewa kidole tumbo hazai, si kweli. Operesheni ya kwanza inayojulikana ya kukitoa ilifanyika London mwaka 1735, Claudius Amyand alikikuta ndani ya henia ya mvulana wa miaka 11, na nusu kaputi ilikuwa haijagunduliwa, fikiria mwenyewe.

Nusu kaputi nayo ina maneno yake, eti ukipigwa huwezi kurudi na akili zako zote. Unaweza kuamka umechanganyikiwa kidogo, hasa wazee, ila kwa wengi inapita. Kinachonitisha mimi ni chupa ya uji. Nesi kaandika mgonjwa asile kitu, shangazi anaingia na chupa chini ya kitenge, "baba kunywa hata vikombe viwili, utaendaje kupasuliwa na njaa," mgonjwa anakunywa na akiulizwa na dokta anakataa kabisa. Ukilazwa usingizi tumbo likiwa limejaa, uji unaweza kupanda ukaingia kwenye mapafu, na watu wanakufa hivyo. Chakula kinasimama angalau masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, na wodi ikikwambia zaidi ya hapo wafuate wao. Ndugu ukimwona amekunywa mseme, operesheni isiyo ya dharura itasogezwa tu.

Baada ya hapo wanasema alale asitikisike nyuzi zisikatike. Kinyume chake, wengi wanaamshwa watembee siku hiyohiyo au kesho yake, damu isigande miguuni na utumbo uamke. Mzee akiulizwa mbele ya mkwe wake kama ametoa hewa ajibu tu jamani, ndo kipimo cha utumbo kuamka hicho.

Bawasiri, yaani mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa, watu wanaionea aibu, wanadhani ni ya wenye tabia fulani. Inaletwa zaidi na choo kigumu, kukamua muda mrefu chooni, ujauzito. Nyingi zinatulia kwa mboga, matunda, maji ya kutosha na kuacha kukamua, nyingine zinafungwa kwa mpira mdogo bila hata kulazwa, chache ndo zinapasuliwa. Ila usijipe jina la bawasiri mwenyewe kwa kuona damu tu, maana saratani ya utumbo mpana nayo inatoa damu, hasa kama choo kimebadilika, unapungua uzito au umevuka 40. Dokta akipima kwa kidole ni dakika moja haifiki, unavaa suruali unaondoka.