Uwezo Uliofichika na Mtazamo Chanya: Maana Yake Hasa

Kipawa na uwezo ni maneno ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali asili zake zinatofautiana. Kipawa kimetokana na kupawa, yaani kupewa. Mtu amekikuta mkononi mwake pasipo kukihangaikia. Uwezo umetokana na kuweza, na anayeweza ni yule anayetenda. Kwa hiyo tunaposema kwamba mtu ana uwezo uliofichika, tunazungumzia umbali uliopo kati ya anachokifanya leo na kile ambacho angekifikia iwapo angepata mafunzo, muda, msaada na ruhusa ya kukosea. Umbali huo hakuna awezaye kuupima kabla ya kazi kufanyika, hata mwenyewe.

Mtazamo chanya unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu umezungumzwa sana hadi maana yake imeanza kupotea. Neno chanya wengi wetu tulikutana nalo shuleni, katika somo la hisabati, likiwa pamoja na hasi. Mtazamo ni namna mtu anavyokitazama kitu. Mwenye mtazamo chanya juu ya tatizo hulitazama tatizo lenyewe, kwa ukubwa wake halisi, kisha akatafuta ni sehemu gani yake iliyo ndani ya uwezo wake. Kujichekesha wakati moyo unauma, au kukana kwamba tatizo lipo, ni jambo jingine kabisa.

Chukua mwanafunzi aliyerudishiwa karatasi ya hesabu yenye alama 23 kati ya 100. Akisema, "Mimi sina kichwa cha hesabu," amefunga mlango, kwa kuwa kichwa hakibadilishwi. Akiketi na karatasi hiyo, akafuata alama za kalamu nyekundu swali baada ya swali, huenda akagundua kwamba karibu makosa yote yameanzia mahali pamoja: kujumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti, kama nusu na theluthi. Alama zimebaki zilezile 23, lakini sasa tatizo lina jina, na lenye jina linaweza kupelekwa kwa mwalimu au kwa mwenzake aliyelielewa.

Maisha ya mkimbiaji wa Kenya, Eliud Kipchoge, yanaionyesha dhana hii vizuri kuliko mengi ninayoyajua. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris. Miaka tisa baadaye alikosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda kwenye Olimpiki ya London. Angeweza kuhitimisha kwamba kipawa chake kimekwisha, na wengi wangemwelewa. Badala yake, mwaka 2013 alihamia marathoni na kushinda ile ya kwanza kabisa aliyokimbia, mjini Hamburg. Uwezo wa kukimbia kilomita 42 kwa kasi ile haukuonekana mpaka njia aliyoizoea ilipofungwa.

Septemba 2015, katika marathoni ya Berlin, soli za ndani za viatu vyake zilianza kuchomoka mapema. Waliotazama waliziona zikipeperuka kandokando ya vifundo vyake kila alipoinua mguu, na mguu wake wa kushoto ulichubuka hadi kutoa damu. Kusimama kurekebisha viatu kungemgharimu muda; soli zenyewe hakuwa na la kuzifanya. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa hatua inayofuata, na akaishika hiyo. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4, muda bora kuliko wowote aliokuwa ameukimbia hadi siku hiyo.

Hata hivyo, hayo hayakutokana na fikra njema peke yake. Nyuma yake alikuwapo kocha Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya mwaka 1992, na kambi ya Kaptagat ambako wanariadha hufanya mazoezi pamoja na kugawana kazi za usafi. Zilikuwapo pia daftari ambamo Kipchoge ameandika mazoezi yake kwa miaka mingi. Nalisisitiza hili kwa sababu inaniuma kusikia kijana asiye na ajira, au mtoto wa shule isiyo na mwalimu wa hesabu, akiambiwa kwamba kinachomkwamisha ni mtazamo wake. Mtazamo humsaidia mtu kukitumia kilichopo, lakini mwalimu ambaye hajaajiriwa hawezi kuletwa na mtazamo wa mtoto.

Dhana hii inajumuisha pia kujua wakati wa kusimama. Kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Kipchoge, akiwa na miaka 39 na medali mbili za dhahabu za marathoni ya Olimpiki, alizidiwa na maumivu ya mgongo na kuacha mbio baada ya kilomita 30. Aligawa fulana yake na viatu vyake kwa watazamaji waliokuwa kando ya barabara. Aprili 2025 alikuwa tena kwenye mstari wa kuanzia mjini London, akamaliza wa 6, kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 25.