Macho ya njano, hasira, mkono unatetemeka: ugonjwa ni mmoja

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ile yenyewe, mama mmoja wa Rungwe alimleta kijana wake kliniki kwangu kamfunga blanketi. Mkono unatetemeka mpaka chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, nyumbani walisema baridi, afu wakasema karogwa. Mama akatoa madaftari matatu ya hospitali: miaka miwili nyuma macho ya njano, kaambiwa homa ya ini, mwaka jana anafoka ovyo na mwandiko umeharibika, kapewa dawa za akili, na sasa hivi huu mtetemeko. Hakuna aliyeyasoma yote kwa pamoja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nikampeleka kwa mwenzangu wa macho, kijana akaweka kidevu kwenye mashine, mwanga ukapita pembeni na mimi nikachungulia: pete ya kahawia inayokaribia dhahabu, ukingoni mwa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Ile ni shaba.

Huu unaitwa ugonjwa wa Wilson, daktari Kinnier Wilson aliueleza mwaka 1912. Shaba tunakula wote, kwenye karanga, maharage, maini, na inayozidi ini linaitoa kupitia nyongo, sasa ukirithi jeni ya ATP7B mbovu kwa baba na kwa mama pia, haitoki, inajaa kwenye ini afu inahamia kwenye ubongo na macho. Ndo maana mgonjwa mmoja anazungushwa kwa madaktari wanne.

Jamani, pete isipoonekana msimwachie mgonjwa, wenye shida ya ini tu karibu nusu hawana. Pimeni seruloplazimini, protini inayobeba shaba kwenye damu (inashuka, ila hata utapiamlo unaishusha) na shaba kwenye mkojo wa saa 24, ikizidi mikrogramu 100 kwa mwenye dalili hapo tunaongea. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, baada ya hapo kila tone liingie kwenye dumu mpaka ule wa asubuhi ya pili, wengi wanakosea hapa.

Dawa ni penisilamini, tumbo tupu, pamoja na vitamini B6, tunaanza kidogokidogo maana mwanzoni inaweza kuzidisha mtetemeko. Ni ya maisha, ukiacha kwa sababu umepata nafuu ini linaweza kufeli ghafla.

Halafu ndugu wa tumbo moja, kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa nao. Nilimwomba mama awalete wote. Mdogo wake wa kike, miaka 11, mzima kabisa, anarukaruka kwenye korido, vipimo vikarudi anao. Tumemwanzishia zinki, inazuia shaba isiingie kutoka utumboni, na mkono wake haujatetemeka hata siku moja.