Sosholojia ni Nini? Tuanzie kwa Jaboya

Nilipopata barua ya kuitwa chuoni, mama mdogo wangu wa Nyalenda aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Sosholojia? Hiyo si ile ya kugawia watu unga?" Wengi huichanganya hivyo na kazi ya ustawi wa jamii. Afisa wa ustawi huja kumsaidia aliyekwama. Mwanasosholojia huuliza mbona watu wasiojuana wamekwama pahali pamoja.

Sosholojia, au elimujamii, huchunguza maisha ya watu wakiwa pamoja: familia, dini, kazi, matabaka, mila, na jinsi hayo yote yanavyomsukuma mtu hata pale anapodhani anajiamulia. Neno lenyewe lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830, ingawa Ibn Khaldun wa Tunis alikwisha kuandika juu ya mshikamano wa makabila na kuanguka kwa dola mwaka 1377. Hayo utayasikia muhula wa kwanza, na mengi utayasahau.

Afadhali jaboya. Huku Ziwa Victoria, upande wa Kenya, neno hili halihitaji tafsiri: mchuuzi wa samaki hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili mtumbwi ukifika asirudi na beseni tupu. Pesa ya samaki bado analipa. Mtaani watu wana jibu fupi: tabia mbaya. Mwanasosholojia anaketi ufuoni na daftari. Mtumbwi ni wa nani? Mara nyingi wa mwanamume. Nani huingia ziwani usiku? Wanaume. Nani huanika, hukaanga na kuuza? Wanawake. Samaki nao wamepungua, magugu maji huziba Ghuba ya Winam, na mbuta wakubwa huchukuliwa na viwanda vya minofu kwa soko la nje. Beseni ni nyingi kuliko samaki. Mfukuze huyo "mwenye tabia mbaya" leo, kesho mwenzake atasimama pale pale. Ndiyo maana kuna fuo ambako wanawake walisaidiwa kupata mitumbwi yao wenyewe. Mahubiri walikuwa wameyasikia ya kutosha.

Mmarekani C. Wright Mills aliliweka wazi jambo hili mwaka 1959: katika mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi, mwangalie yeye, ujuzi wake na bidii yake. Wakikosa milioni 15 kati ya milioni 50, usiwatafutie kasoro mmoja mmoja. Tazama nchi ilivyopangwa.

Ukiichukua kama somo kuu, katika vyuo vikuu vya Maseno au Egerton kwa mfano, jiandae kwa nadharia, mbinu za utafiti, mafunzo ya kazini na mradi wa mwisho. Takwimu pia zimo, na hapo ndipo waliokimbia hesabu hushtuka. Ukiichukua kama somo dogo, kando ya uchumi au jiografia, utasoma kozi chache tu. Ningekushauri mbinu za utafiti zisikuponyoke, maana bila hizo utabaki na maneno makubwa ya kutamba nayo. Kazi zipo kwenye kaunti, mashirika, utafiti na urekebishaji wa wahalifu, ila tangazo lenye neno "mwanasosholojia" utalitafuta sana.

Mimi somo lilinikaa siku niliyoenda ufuo wa Dunga na hojaji za mradi wangu. Mama mdogo huchuuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa hiyo nilianza naye. Swali la nne: kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?

"Mwezi upi?" akacheka. "Huu wa kalenda au ule wa juu?"

Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu, mitumbwi hulala, na yeye hana cha kuuza. Nilikuwa nimepiga chapa nakala 60. Nilikaa juu ya ndoo yake nikalifuta swali la nne kwa kalamu, nakala moja baada ya nyingine, nikaandika: kipato wakati wa giza, kipato wakati wa mbalamwezi.