Majina ya Watoto Ulaya: Mzazi Huchagua, Lakini Nani Hupitisha?

Desemba 2024, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza ilitangaza majina waliyopewa watoto waliozaliwa England na Wales mwaka 2023. Kwa wavulana, Muhammad lilishika nafasi ya kwanza likiwa na watoto 4,661, likalipita Noah. Mitandaoni kukawa na kelele: hawa wanashangilia, wale wanaona nchi imegeuzwa usiku mmoja. Kwa sisi ambao kazi yetu ni majina na kumbukumbu za vizazi, pande zote mbili zilisoma kichwa cha habari zikaiacha hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka ule walizaliwa wavulana takriban 300,000 katika maeneo hayo mawili. Watoto 4,661 kati yao hawafiki wawili kwa kila mia. Mwalimu wa darasa la watoto thelathini anaweza kufundisha mwaka mzima asimwite Muhammad hata mmoja, na hilo ndilo jina linaloongoza. Yaliyo chini yake yana watoto wachache zaidi, hadi kufikia yale yenye watoto watatu tu. Hapo orodha inaishia, maana ofisi hiyo haichapishi jina lenye watoto pungufu ya watatu, ili wasitambulike.

Zamani haikuwa hivyo. Karibu na mwaka 1800, majina matatu tu, John, William na Thomas, yalibeba karibu nusu ya wavulana wa England. Ufaransa ya mwaka 1900, msichana mmoja kati ya watano aliitwa Marie. Jina lilikuwa la ukoo, la mtakatifu, la bibi. Mzazi hakuombwa ubunifu. Leo mzazi wa Ulaya anamtafutia mtoto jina ambalo mtoto wa jirani hana, na matokeo yake ni maelfu ya majina yenye watoto wachache wachache. Muhammad limepanda juu kwa sababu familia za Kiislamu, ziwe na asili ya Pakistan, Bangladesh, Somalia au Zanzibar, bado zinakutana kwenye jina moja la heshima wakati wenzao wametawanyika. Tena takwimu zile huhesabu herufi. Muhammad, Mohammed na Mohammad ni majina matatu tofauti kwa ofisi, na yote matatu yamo ndani ya mia ya kwanza. Ukiyajumlisha, uongozi huo ni wa miaka mingi nyuma, ila hakukuwa na kichwa cha habari.

Noah naye, yaani Nuhu, ana hadithi yake. Katika miaka ya karibuni jina hilo limewahi kuongoza Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Uswisi na England. Halihitaji kutafsiriwa, ni fupi, lina irabu nyingi, na babu wa Kijerumani na bibi wa Kifaransa wote wanalitamka bila shida. Liam, Leo, Luca, Emma, Mia na Nora yamepita njia hiyo hiyo. Ukivuka kwenda kusini unakuta hali nyingine. Italia imemshikilia Leonardo tangu 2018, baada ya Francesco kutawala tangu mwanzo wa karne hii. Ureno, Maria haishuki. Ugiriki ndiyo ngumu zaidi kuyumba: mtoto wa kwanza wa kiume kwa desturi huchukua jina la babu mzaa baba, kama wafanyavyo Wakikuyu, ndiyo maana Georgios na Maria wamejaa na binamu wanne wanaweza kuitwa jina moja mezani.

Hayo ni ya takwimu. Jambo ninalotaka msomaji alitazame kwa makini zaidi ni kalamu ya msajili. Tunaposoma kwamba nchi fulani ina majina ya ajabu na nyingine haina, mara nyingi hatuoni tofauti ya akili za wazazi. Tunaona tofauti ya sheria.

Uingereza sheria ni chache mno. Msajili huandika karibu kila analoambiwa. Mahakama huingia mara chache sana, kama mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa ilipomzuia mama mmoja wa Wales kumwita binti yake mchanga Cyanide, ile sumu. Ndugu yake pacha alikusudiwa kuitwa Preacher, na jina hilo peke yake lisingewashtua sana majaji. Ufaransa ilianza mbali zaidi: sheria ya mwaka 1803, enzi za Napoleon, iliruhusu majina yaliyomo kwenye kalenda na ya watu wa historia ya kale, basi. Ilichukua hadi Januari 1993 ndipo mzazi akaachiwa uhuru. Sasa msajili huandika jina kwanza. Akiona linamdhuru mtoto, humjulisha mwendesha mashtaka, naye aweza kulipeleka kwa jaji wa masuala ya familia. Kwa njia hiyo, mwaka 2014 huko Valenciennes, jaji alilifuta jina Nutella, ile chokoleti ya kupaka mkate. Wazazi hawakufika mahakamani, kwa hiyo mtoto akabaki Ella.

Italia nako kuna kesi ambayo msomaji anayeitwa Juma au Khamis ataisoma akicheka. Wazazi wa Genoa walimwita mwanao Venerdì, Ijumaa. Mwishoni mwa 2007 mahakama ya rufaa ilikataa: jina linamkumbusha mtu yule mtumishi katika riwaya ya Robinson Crusoe, tena Ijumaa kwa Waitalia ina nuksi, mtoto atachekwa. Ikaamuru aitwe Gregorio, mtakatifu wa siku aliyozaliwa. Kwa hiyo bado alipewa jina la siku yake, kwa kalenda ya kanisa. Binafsi naona majaji wale walijidanganya kidogo.

Uswidi ilitoa kituko ambacho kimezunguka dunia nzima. Wazazi waliotozwa faini ya kronor 5,000 kwa kutomsajili mtoto jina hadi umri wa miaka mitano walipeleka, mwaka 1996, jina hili: Brfxxccxxmnpcccclllmmnprxvclmnckssqlbb11116. Wakasema linatamkwa “Albin”. Lilikataliwa. Wakarudi na herufi moja, A, nayo ikakataliwa. Watu husimulia kisa hiki kama wazimu wa majina, kumbe yalikuwa maandamano dhidi ya sheria ya majina ya 1982. Nchi hiyo hiyo baadaye iliruhusu mtoto aitwe Metallica, jina la bendi ya rock.

Kundi jingine la nchi haingoji jina liletwe ndipo lipimwe. Orodha ipo tayari. Denmark, Ureno na Hungaria zina majina yaliyokwisha kubaliwa. Unalolitaka likiwa halimo, unaomba. Hungaria hulipitisha kwa wataalamu wa lugha, na jina la kigeni huvalishwa tahajia ya nyumbani: Jennifer huwa Dzsenifer, Jessica huwa Dzsesszika.

Aisilandi inastahili kukaa nayo kidogo, maana mfumo wake unafanana na wetu kuliko wa nchi yoyote ya Ulaya. Wengi wao hawana jina la ukoo. Mtoto ana jina lake, kisha la baba, kama Ali Juma wetu. Mwana wa Einar anayeitwa Jón ni Jón Einarsson. Dada yake Guðrún ni Guðrún Einarsdóttir. Siku hizi wapo wanaotumia la mama. Kitabu cha simu kilipokuwa kikichapishwa kilipangwa kwa jina la kwanza, na rais huitwa kwa jina lake la kwanza bila mtu kuona utovu wa adabu. Sasa, lugha yao hubadilisha mwisho wa jina kulingana na nafasi yake katika sentensi. Ile “s” katikati ya Einarsson ndiyo inayobeba maana ya “wa Einar”. Jina lisilokubali viambishi hivyo huleta matatizo leo kwenye sentensi, na kesho kwenye jina la mjukuu.

Ndiyo sababu tangu 1991 wana Kamati ya Majina, watu watatu, inayouliza: jina linakubali kiambishi cha umilikaji? Linaandikwa kwa herufi na kanuni zetu? Je, litamwaibisha mtoto? Harriet lilishindwa kwa swali la kwanza. Wageni hudhani ni urasimu wa bure. Mimi nawaelewa, ni taifa la watu wasiofika 400,000 linalolinda sarufi yake kwa namna linayoweza. Lakini kamati ilikosea pia. Msichana mmoja aliyebatizwa Blær, “upepo mwanana”, aliandikwa kwenye hati za serikali “Stúlka”, yaani Msichana, kwa miaka mingi, kwa sababu neno hilo kisarufi ni la kiume. Januari 2013, akiwa na miaka 15, Mahakama ya Wilaya ya Reykjavík ilimpa haki. Mwaka 2019 sheria ikaondoa kabisa mgawanyo wa majina ya kike na ya kiume.

Kalamu hiyo ya msajili imewahi kuwa silaha ya siasa. Wakati wa utawala wa dikteta Franco, mtoto wa Hispania alipaswa kuandikwa kwa Kihispania. Mkatalani, mtu wa jimbo la Catalonia, aliyetaka Jordi aliandikiwa Jorge. Mwaka 1974 mwanasoka Mholanzi Johan Cruyff, akichezea Barcelona, alipata mtoto wa kiume huko Amsterdam, akamsajili kule kwa jina la Jordi. Aliporudi, msajili wa Barcelona akataka kulibadili. Cruyff akakataa kata kata, hati za Uholanzi mkononi, akashinda. Mtoto yule alikuja kuichezea Barcelona na Manchester United, na mgongoni aliandikwa Jordi. Sheria yenyewe ilibadilishwa 1977. Ufaransa, jimbo la Bretagne, mgogoro wa aina hii ni wa juzi tu: jina la Kibretoni Fañch, lenye alama juu ya “n”, lilikataliwa Quimper mwaka 2017, likaruhusiwa na mahakama ya rufaa ya Rennes mwaka 2018.

Na jina likishapita kwa msajili, bado kuna jamii. Mfano ninaoutumia kila mara ni Kevin. Lina asili ya Ayalandi, jina la mtakatifu, na Ufaransa liliongoza kuanzia 1989 hadi 1994. Mwaka 1991 peke yake walipewa watoto zaidi ya 13,000. Ujerumani nako likafika kileleni 1991. Wengi huitupia lawama filamu ya Home Alone, ya Kevin yule mtoto aliyesahaulika nyumbani Krismasi. Tarehe zinakataa: filamu ilitoka mwishoni mwa 1990, wakati Ufaransa ilikuwa imeshajaa akina Kevin. Jina lilipendwa kwanza na familia za kipato cha chini, likanata na tabaka hilo. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Oldenburg kiliwauliza walimu wa shule za msingi maoni yao kuhusu majina. Charlotte, Sophie na Alexander walionekana watoto wazuri. Kevin, Justin na Chantal wakaonekana wasumbufu, kabla hata ya kuwaona. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni ugonjwa uliogunduliwa na daktari. Ilibidi kungoja hadi 2022 ili Bunge la Ufaransa lipate wabunge wa kwanza wenye jina hilo, wawili kwa mpigo.

Kwa wazazi wasemao Kiswahili waliopata mtoto huko, yafuatayo ni ya kuzingatia. Muda ni mfupi na haulingani: Ufaransa kizazi huandikishwa ndani ya siku tano, Ujerumani ndani ya wiki moja, Scotland siku 21, England na Wales siku 42. Uswidi hutoa miezi mitatu ya kupeleka jina. Denmark, sehemu kubwa ya nchi, anayeshika daftari ni ofisi ya parokia ya kanisa la Kilutheri, hata kama wewe ni Mwislamu. Usishtuke ukielekezwa huko, ni kazi ya serikali, si ubatizo.

Ujerumani, msajili anaweza kuuliza kama Imani, Amani au Baraka ni la kike au la kiume. Zamani jibu la “yote mawili” lingekukwamisha. Tangu Desemba 2008, Mahakama ya Katiba ilipoamua kesi ya msichana aliyepewa jina la Kihindi, Kiran, jina lisiloonyesha jinsia halizuiwi kwa sababu hiyo tu, mradi halimdhuru mtoto. Ureno, mzazi mmoja akiwa raia wa nchi nyingine, jina lililo nje ya orodha hukubaliwa. Nenda na pasipoti na cheti chako cha kuzaliwa, na hakikisha tahajia ya jina la baba ni ile ile kwenye hati zote. Mohamed wa pasipoti akiwa Muhammad kwenye cheti cha mtoto, mfumo wa kompyuta utawaona watu wawili.

Ukikosea la mtoto England au Wales, unayo miezi 12 tangu usajili kuomba jina la kwanza libadilishwe kwenye daftari lenyewe. Ujerumani mlango ni mwembamba: lazima uonyeshe sababu nzito, na kujutia chaguo lako haihesabiki kuwa mojawapo.