Darcy Hakutoka Ziwani: Kamera na Jinsia Katika Tamthilia za Kihistoria

Dhana: Darcy anaibuka majini, shati limemganda kifuani.

Waulize waliotazama Pride and Prejudice, tamthilia ya televisheni ya BBC ya mwaka 1995, na wengi watakuapia kwamba walimwona Colin Firth, mwigizaji wa Bwana Darcy, akipanda kutoka ziwani huku maji yakimchuruzika. Onyesho hilo halimo. Kilichomo ni Darcy akipunguza nguo kando ya maji, mbizi (iliyopigwa na mtu wa kumwakilisha, si Firth mwenyewe), na sekunde chache chini ya maji. Kisha uhariri unaturudisha kwa Elizabeth Bennet, mhusika mkuu wa kike, aliyekuja kulitembelea Pemberley, jumba la Darcy, na tunapomwona Darcy tena yuko nchi kavu, anatembea kwenye nyasi shati likiwa bado bichi. Hata riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, chanzo cha tamthilia hii, haina tone la ziwa hilo katika mkutano wao. Mwaka 2013, hata hivyo, sanamu ya Darcy yenye urefu wa zaidi ya mita 3 ilisimamishwa katika maji ya ziwa la Serpentine, London, ikimwonyesha akiibuka, na hivyo picha ambayo kamera haikuipiga ikapata mnara wake.

Kumbukumbu hiyo ya uongo haikuzuka bure. Safari ya Darcy kuelekea majini imechanganywa na ziara ya Elizabeth ndani ya jumba, ambako anasimama mbele ya picha ya Darcy ya kuchorwa na kuitazama kwa muda mrefu, bila mtu wa kumkatiza wala wa kumwonea aibu. Mwanamke ndiye anayetazama, na mwanamume, kwanza katika rangi na turubai, kisha katika nyama na damu, ndiye anayetazamwa. Mpangilio huo wa shoti, yaani vipande vya picha vilivyounganishwa, ndio uliowafanya watazamaji wajaze wenyewe kile kilichorukwa, wala haukuhitaji neno lolote kwenye hati wala nguo yoyote ya pekee.

Dhana: Mwanamume akishatazamwa, usawa umepatikana.

Tamthilia hiyohiyo inakanusha. Mapema, katika jumba la Netherfield anakokaa kama mgeni, Darcy yumo kwenye beseni la kuogea, mtumishi akimmiminia maji. Anatoka, anajifunga joho, anakwenda dirishani, na kutoka juu anamwona Elizabeth akicheza na mbwa bustanini. Mwili ulioanikwa ni wa Darcy, lakini jicho bado ni lake: yeye yuko juu, Elizabeth yuko chini na mbali, na hajui kwamba anaonwa. Kwa hiyo kuhesabu vifua vilivyo wazi, jinsi wahakiki wengi wa mitandaoni wanavyofanya, hakupimi chochote cha maana. Swali la maana ni nani anajua kwamba anatazamwa, na nani amepewa nafasi ya kutazama.

Sijui mfano ulio wazi kuliko sehemu ya sita ya msimu wa kwanza wa Mad Men (2007), tamthilia ya Kimarekani kuhusu kampuni ya matangazo ya miaka ya 1960. Makatibu muhtasi wa kampuni hiyo wanaitwa kujaribu rangi za midomo katika chumba chenye kioo kinachopitisha macho upande mmoja tu, na wanaume wamekaa gizani nyuma ya kioo wakitania na kuvuta sigara. Lau kamera ingebaki gizani pamoja nao, sisi pia tungekuwa wateja wa mzaha ule. Lakini inavuka kioo na kurudi. Joan, mkuu wa makatibu hao, anayejua vizuri kinachoendelea upande wa pili, anainama makusudi, na kwa kuwa tunajua kwamba anajua, mkao wake unakuwa kama hotuba. Peggy, katibu mwingine, hapaki rangi. Ameketi akiwaangalia wenzake, na ni uangalizi huo, si uso wake, unaomfungulia mlango wa kuandika matangazo. Wanawake wawili wako katika chumba kimoja chini ya macho yaleyale, na kamera inawapa nafasi zisizofanana hata kidogo.

Dhana: “Mtazamo wa kiume” maana yake ni wanaume kukodolea wanawake macho, na dawa yake ni kumwajiri mwongozaji mwanamke.

Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu aliyeieneza dhana hiyo, katika makala yake ya mwaka 1975, alitofautisha macho matatu: la kamera inayorekodi, la hadhira, na la wahusika wanaotazamana ndani ya hadithi. Hoja yake ilihusu namna filamu za Hollywood zilivyoyapanga macho hayo ili mwanamke awe kitu cha kuangaliwa. Huo ni mfumo wa kazi, na mfumo hauondoki kwa sababu jina la mwongozaji limebadilika. Ziwa la Darcy liliongozwa na mwanamume, Simon Langton. Kwa upande mwingine, sehemu ya harusi katika tamthilia ya Outlander (2014) iliongozwa na Anna Foerster, aliyewahi kuwa mpiga picha za filamu, na nguvu yake inatokana na uamuzi unaoonekana: Claire, bibi harusi, anamwamuru mumewe Jamie avue shati, kisha anamzunguka polepole akimkagua, nasi tunakwenda kwa mwendo wake. Mwongozaji yeyote, wa jinsia yoyote, angeweza kuamua hivyo. Ni haki kuongeza kwamba kwa miongo mingi waliopewa nafasi ya kuamua walikuwa karibu wote wanaume.

Dhana: Enzi zile ndivyo zilivyokuwa.

Koseti, vazi la kubana kiuno, ni historia. Shoti inayopanda taratibu kutoka pindo la gauni hadi shingoni imepangwa na wafanyakazi wa leo, kwa lenzi ya leo.

Dhana: Kamera ikiwa chini, mhusika ana mamlaka.

Mara nyingine, ndiyo. Ila Mad Men huweka kamera chini mara kwa mara, hata dari za ofisi zikaonekana, kwa kuiga sura ya filamu za miaka ya 1950 na 1960, na pembe hiyo huwapata mabosi na makarani vilevile.

Dhana: Mhusika wa kihistoria akiiangalia kamera, ni mbwembwe za kisasa.

Katika tamthilia ya Gentleman Jack (2019), iliyoandikwa na Sally Wainwright, Anne Lister anayeigizwa na Suranne Jones hugeuka ghafla na kutuangalia machoni, pengine katikati ya mazungumzo na mtu asiyeshuku kitu. Lister halisi (1791–1840), mwenye shamba la Shibden huko Halifax, aliacha shajara za maneno yapata milioni 5, nyingine katika maandishi ya siri aliyoyatumia kueleza mapenzi yake kwa wanawake. Jicho lile kwenye lenzi linafanya kazi ya shajara: linatugawia siri ambayo waliomo chumbani hawaipati. Mtazamaji aliyezoea kumchungulia mwanamke wa kihistoria kupitia dirisha au tundu la ufunguo anakuta huyu ameshamwona.