Kunukia si kulika: uyoga wa njano wa miombo

Mvua zikishachanganya Tabora, mafungu ya uyoga wa njano hujaa kandokando ya barabara, na ghafla kila mtu ni mtaalamu: inamisha pua, ukinukia unaliwa. Hapana jamani.

Uyoga wenyewe ni jamii ya Cantharellus. Ni wa njano au wa rangi ya chungwa, kofia imebonyea katikati, na una harufu ya tunda lililoiva. Huota ardhini chini ya mitundu na miuba kwa sababu nyuzi zake zimejifunga kwenye mizizi ya miti hiyo: mti unaupa sukari, nao unaupa mti maji na madini. Ndiyo maana haupandwi bandani kama uyoga wa mamama, na pori likifyekwa kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, unapotea.

Sasa turudi kwenye pua. Ulaya kuna Amanita phalloides, uyoga unaoua kuliko wote. Ukiwa mchanga hunukia kwa mbali kama asali, na kwetu Unyamwezini nani ataikataa harufu ya asali? Walionusurika husimulia kuwa ulikuwa mtamu. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Tumbo huanza kukata baada ya saa 6 hadi 24, vyombo vimeshaoshwa. Kisha mgonjwa anapata nafuu ya uongo huku ini likiharibika.

Tofauti iko chini ya kofia, na hapa ndipo watu wananichosha kwa kuita kila kitu "mistari". Ugeuze. Amanita una vipande vyembamba kama kurasa za daftari, kila kimoja kimesimama peke yake. Ukivipitishia ukucha vinavunjika na kubanduka. Cantharellus una mikunjo tu, yaani nyama ileile ya kofia iliyojikunja, inayogawanyika matawi na kuteremka hadi kwenye shina. Baadhi ya ile ya miombo mikunjo yake imesimama kweli, inadanganya jicho, ila ukucha hauibandui. Halafu ung'oe mzima, usiukate: aina nyingi za jamii ya Amanita zina kikombe kwenye kitako cha shina, na kisu hukiacha udongoni.

Kwa hiyo badala ya "huu unanukia, unaliwa", tuseme "huu una mikunjo, hauna kikombe, umeota chini ya mtundu, na mama anayeuuza anaujua tangu utotoni". Baada ya hapo, isifuni harufu mpendavyo.