CD4 imepanda, CD8 je?

"CD4 zangu ni 700, mimi na asiye na VVU sasa tuko sawa." Kauli hii husemwa sana na walio kwenye dawa, na 700 ni namba nzuri kweli: CD4 ni seli zinazoongoza kinga ya mwili, na kawaida ya mtu mzima ni kati ya 500 na 1,500 kwa mikrolita ya damu. Lakini hiyo ni nusu ya hesabu.

Kuna seli nyingine, CD8, zinazoua seli zilizokwisha kuvamiwa na virusi. Mtu mwenye afya huwa na CD4 nyingi kuliko CD8, kwa hiyo ukigawanya CD4 kwa CD8 unapata uwiano wa zaidi ya 1. VVU hupindua mizani hiyo: CD4 hufa, CD8 huongezeka. Ukianza ARV, CD4 hurudi taratibu, ila CD8 mara nyingi hubaki juu miaka na miaka. Mwenye CD4 700 na CD8 1,400 ana uwiano wa 0.5, kinga yake haijashusha silaha. Tafiti zimehusisha uwiano mdogo na maradhi ya moyo na saratani, hata kwa watu ambao virusi vyao havionekani tena kwenye kipimo.

"Basi dawa zimenishinda"? Hapana. Hilo hujibiwa na kipimo cha wingi wa virusi, na hicho ndicho kinachosema pia kama unaweza kuambukiza. Uwiano hushuka hata kwa kuchelewa kuanza dawa, au kwa kirusi cha CMV ambacho wengi wetu tulikipata utotoni.

Kinachoniudhi ni chupa zinazouzwa kwa jina la "kupandisha CD4". Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya majaribio mawili, ESPRIT na SILCAAT, yaliyohusisha watu zaidi ya 5,000 na sindano za intalukini-2, protini inayochochea seli za kinga kuongezeka. CD4 zilipanda kweli. Magonjwa na vifo havikupungua. Sembuse mizizi ya mtaani?

Kinachosaidia mizani kurudi ni kuanza ARV mapema, bila kuruka dozi. Na kama karatasi yako ya majibu ina CD4 peke yake, usivunje kibubu kuusaka uwiano. Dawa hazibadilishwi kwa sababu yake. Afadhali upime presha na sukari, na sigara uiache.